Kitufe cha Kipupwe

Fundi Kurasa alikutwa asubuhi amelalia kibodi, na kibodi haikuwa na habari kwamba mwenyewe ameshaondoka duniani. Shavu lake lilikuwa limekandamiza herufi moja, na herufi hiyo iliendelea kujiandika kwenye skrini, mstari baada ya mstari, kama shahidi aliyeshikwa na kigugumizi mbele ya hakimu. Wapo walioapa baadaye kwamba maandishi yale yangetosha kutandika barabara nzima mpaka sokoni. Hao tuwaache na viapo vyao.

Aliyemkuta ni Mama Fotokopi, mwenye duka la kunakilisha karatasi chini ya ghorofa ile. Alipanda kuuliza kwa nini taa imekesha inawaka. Akateremka bila kukanyaga ngazi hata moja.

"Mimi nimeona mgongo tu, afande," alisema, huku meno yakigongana. "Mgongo wa mtu hai una adabu zake. Ule haukuwa nazo."

Afande aliyeambiwa maneno hayo alikuwa inspekta wa kike, mnene, mwenye goti bovu, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Mkwe. Si kwamba alikuwa na wakwe. Ni namna yake ya kuuliza: taratibu, kwa heshima zote, huku jicho likikagua kila kona ya nyumba, na hanyanyuki kitini mpaka ajibiwe. Jina hilo alilijua. Alilipenda kuliko cheo chake.

Akaingia ofisini. Chumba kimoja, dirisha moja, feni inayozunguka kwa kulalamika. Ukutani marehemu alikuwa amebandika picha za tovuti alizowajengea watu: bucha, zahanati, fundi viatu, duka la miwani. Juu ya picha hizo aliandika kwa mkono: *Tovuti ni shamba. Ukishapanda, palilia.*

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimejaa hadi juu, chai imeganda utando.

"Alikuwa na mgeni," Mama Mkwe akasema. "Na mgeni hakuwa na kiu."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amepiga magoti kando ya kiti.

"Pigo moja, kisogoni," alisema. "Chuma kizito, butu. Marehemu alikuwa ameketi, amempa mgongo mtu aliyempiga."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni. Jua halijazama sana."

"Kulikuwa na purukushani?"

"Hata kidogo. Huyu hakuogopa. Na angalia hapa, kwenye nywele. Mafuta."

"Ya nywele?"

"Yangekuwa ya nywele ningekaa kimya, afande. Haya ni ya mashine. Nayapeleka maabara."

Mama Mkwe akaigeukia skrini. Ilikuwa imegawanyika. Upande wa kulia zilijaa zile herufi za kigugumizi. Upande wa kushoto palikuwa na tovuti ya fundi wa majokofu, safi, imepangwa vizuri, na katikati yake picha ya kijana amesimama kando ya jokofu, mkono kiunoni, anacheka kwa meno yote. Chini ya picha palikuwa na jina linalomfaa mtu wa kazi hiyo: Kipupwe.

Mama Mkwe alirudi chini dukani. Mama Fotokopi alikuwa ameketi juu ya boksi la karatasi.

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Ugomvi? Yule? Mtu aliyekuwa anaomba radhi mpaka kwa nzi?"

"Nimeuliza nani, mama."

Mama Fotokopi akavuta pumzi. "Juzi alikuja Kipupwe. Dari yangu hii ni nyembamba kama ahadi ya mgombea. Nilisikia kila neno."

"Nipe kila neno."

"Alikuwa anapiga kelele, 'Izime! Izime tovuti hiyo! Kila nikiifungua naona sura yangu inacheka, na mimi sina cha kuchekea.' Marehemu akamwambia, 'Mbona watu wanaitembelea? Kila siku wanaifungua.' Kipupwe akasema, 'Wanaifungua kunitazama kama maiti iliyolazwa sebuleni? Mbona hawapigi simu?' Halafu…"

"Halafu?"

"Afande, sitaki kumfunga mtoto wa mwenzangu."

"Wewe hufungi. Kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo."

Mama Fotokopi akainamisha kichwa. "Akasema, 'Umenizika mzima. Na wewe utazikwa.'"

Mchana majibu ya maabara yalifika. Mafuta yale yalikuwa ya kompresa ya jokofu.

Koplo, kijana mwepesi wa miguu na mzito wa kalamu, alikuwa tayari ameshika funguo za gari. "Afande, kesi imeiva yenyewe."

"Kilichoiva chenyewe kionje kwanza," Mama Mkwe akasema. Lakini akaingia garini.

Kipupwe hakuwa tena na karakana. Ile yake ilikufa, na sasa alikuwa kibarua kwa kaka yake mkubwa, fundi majokofu mwenye jina mjini, aliyejulikana kama Bwana Baridi. Karakana ya Bwana Baridi ilikuwa safi kuliko jikoni nyingi. Majokofu yamepangwa kama wagonjwa kwenye foleni, matumbo wazi, nyaya nje. Ukutani kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeusi, ili jioni mtu akitupa jicho ajue kilichopotea.

Mama Mkwe aliupenda ukuta ule. Akausogelea. Spana moja kubwa ilikuwa mpya, inang'aa, nayo ilikaa ndani ya kivuli kikubwa kuliko yenyewe, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

"Hii mpya?"

Bwana Baridi alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. "Ya zamani imepotea, afande. Vitu vinapotea."

"Lini?"

"Juzijuzi hapa."

"Marehemu Fundi Kurasa alikupigia simu jana jioni. Kampuni ya simu inasema ndiyo simu yake ya mwisho duniani."

"Alinipigia, ndiyo. Na mimi ni mteja wake. Alitaka picha mpya za karakana. Alikuwa hivyo, hataki tovuti ya mtu izeeke." Akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Maskini."

"Mdogo wako yuko wapi?"

Kabla hajajibu, kichwa kilichomoza nyuma ya jokofu refu. Mama Mkwe ilibidi amtazame mara mbili. Ni sura ileile ya kwenye skrini, lakini kama mtu ameikamua, akaianika, akasahau kuianua.

"Kuna mtu ananitafuta?" Kipupwe aliuliza. "Ajabu. Mmekuwa wa kwanza."

Koplo akatoa pingu. Kipupwe akanyoosha mikono kama anayepimwa shati.

"Afande," Bwana Baridi akasema, "mdogo wangu ana hasira, sikatai, lakini moyo wake…" Sentensi hiyo aliiacha wazi kama mlango wa jokofu, na baridi ikawaingia wote.

Kipupwe alipofika mlangoni aligeuka. "Baba, lile la bucha usiliwashe sasa hivi. Liache mafuta yatulie kwanza."

"Baba?" Koplo akauliza.

"Ni kaka yangu," Kipupwe akasema. "Lakini kaka ni jina dogo kwa alichonifanyia."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti, na balbu iliyotoa mwanga wa kusingiziwa. Kipupwe aliketi bila kuegemea.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na ukuta."

"Mke?"

"Yuko kwao. Na mtoto."

"Mligombana?"

"Bora tungegombana." Alitazama viganja vyake. "Karakana yangu ilipokuwa inakata roho, nikawa nakaa sebuleni, simu nimeiweka mezani, naitazama. Kutwa. Mwanangu akawa anacheza kwa kunong'ona, eti simu isije ikalia baba asiisikie. Mke wangu akasema mtoto hawezi kukulia kwenye matanga yasiyokwisha. Sikumlaumu. Nilimbebea begi mpaka kituoni."

"Hukupata mteja hata mmoja?"

"Mmojammoja. Wazee watupu. Wale wa kuandika namba kwenye kiganja kwanza, kisha wanakupigia wakisoma tarakimu kwa sauti. Wengine wote, hakuna. Na tovuti ilikuwa nzuri, afande! Inafunguka haraka. Mtu akiandika 'fundi jokofu' natokea juu kabisa. Picha nzuri, namba yangu kubwa, hivi. Niliikagua mara ngapi! Namba ni yangu, sura ni yangu. Basi nikajua tatizo ni mimi. Mikono yangu ina nuksi. Watu wananiona usoni wanakimbia."

"Na kaka yako wateja anapata wapi?"

"Hukohuko kwenye tovuti. Alijengewa na yuleyule. Simu yake hailali. Nyingine akipigiwa anatoka nje kusikiliza, anarudi, anabeba begi, anakwenda mwenyewe hata mvua inyeshe. Namwambia, baba nipe mimi hiyo. Anasema, pumzika." Macho yalimlegea. "Hakunicheka niliporudi kwake nimefyata mkia. Alinipa ovaroli tu."

"Ulimtishia marehemu."

"Nilimtishia."

"Ulimuua?"

"Hapana."

Mama Mkwe akangoja. Mtu akisema hapana, kwa kawaida hufuatisha mkokoteni mzima wa maneno. Kipupwe hakufuatisha kitu.

"Ndiyo basi?"

"Afande, mkitaka kuandika kwamba nimeua, andikeni. Kaka atamtunza mwanangu. Mimi tofauti siioni."

Mama Mkwe alikuwa amewahoji wezi, matapeli, na mwanamume mmoja aliyedai ng'ombe wa jirani ndiye aliyemfuata mwenyewe. Wote aliwaweza. Lakini mtuhumiwa asiyejitetea ni mzigo usio na mshikio; hujui uunyanyulie wapi. Na kule juu wakubwa walishaanza kuuliza kwa nini faili bado halijaenda kwa mwendesha mashitaka. Kijana huyu angefungwa, na asingepiga hata mguu chini.

Bwana Baridi alileta chakula jioni hiyo. Akaleta tena siku iliyofuata. Kila mara aliuliza kama mdogo wake amekula, na kila mara hakuomba kumwona.

Ukweli ulitoka kwa uvivu wa Koplo, Mungu amjalie maisha marefu.

Koplo aliziweka simu mbili, ya marehemu na ya Kipupwe, ndani ya mifuko ya vielelezo bila kuandika ipi ni ya nani. Zote nyeusi, zote zimechakaa, zote zimefungwa kwa nywila. Mama Mkwe alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kumenya viazi.

"Kuku wa kienyeji anajua mayai yake, Koplo. Wewe ulisoma."

"Rahisi, afande. Nampigia Kipupwe. Itakayolia ndiyo yake."

Akafungua tovuti ya Kipupwe kwenye simu yake mwenyewe. Chini ya ile picha ya kicheko palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: PIGA SASA. Koplo akakibonyeza.

Mifuko miwili ikanyamaza mezani.

Simu ya Koplo ikaita, ikaita, kisha sauti ndogo ikapokea. "Mafundi wa baridi hapa, karibu."

Koplo akafungua mdomo. Mama Mkwe akamnyang'anya simu. Wanaomjua wanasema sauti aliyoitoa wakati huo haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi mmoja mpole ambaye hajawahi kumfunga mtu yeyote.

"Samahani baba, hapo ni kwa Kipupwe?"

"Ndiyo, mama. Umefika."

"Ndiwe Kipupwe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Jokofu lina shida gani?"

"Linalia."

"Linalia vipi?"

"Kama mtu aliyefiwa."

"Hiyo ni kompresa, mama. Nielekeze, nakuja mwenyewe."

Mama Mkwe akakata. Kipupwe mwenyewe alikuwa mahabusu, chini ya sakafu ileile waliyokanyaga.

"Piga tena," alisema polepole. "Safari hii usibonyeze kitufe. Isome namba iliyoandikwa, uipige kwa kidole, tarakimu moja moja. Kama wazee."

Koplo akapiga. Mfuko mmoja ukaanza kutetemeka juu ya meza.

Mtaalamu wa kompyuta wa maabara aliitwa, akaja na kompyuta ya marehemu kwapani. Alieleza jambo lenyewe kwa maneno machache. Kwenye tovuti namba huandikwa mara mbili: moja ni ya macho, nyingine ni ya kidole. Ya macho ndiyo unayoisoma. Ya kidole imefichwa ndani ya kitufe, huioni, ila ukibonyeza ndiyo inayopigwa. Fundi Kurasa alimjengea kwanza Bwana Baridi. Mdogo mtu alipokuja na kazi ileile, fundi akainakili tovuti ya kaka nzima nzima, akabadilisha jina, rangi, picha, na namba ya macho. Ya kidole akaisahau.

"Si kosa la ajabu," mtaalamu akasema. "Wajenzi wa tovuti wote wanaliogopa. Seremala hawezi kunakili mlango wa jirani ukampeleka mtu nyumba isiyo yake. Sisi tunaweza."

"Na mwenye tovuti hawezi kuligundua?"

"Atagunduaje? Nani anajipigia simu mwenyewe?"

Mama Mkwe akafumba macho. Aliwaona wateja wale wote, jokofu linavuja, nyama inaharibika, kidole mbiombio kwenye kijani. Na upande wa pili mtoto anacheza kwa kunong'ona.

"Na hizi herufi za kigugumizi?"

Mtaalamu akazifuta. Zilichukua muda kuisha. Mwanzoni kabisa mwa msururu ule ilibaki namba moja ya simu: nusu yake ya mbele ilikuwa ya Kipupwe, nusu ya nyuma bado ya Bwana Baridi.

"Marehemu alikuwa anairekebisha," mtaalamu akasema. "Hakumaliza."

Spana ya zamani aliipata Koplo, ambaye siku hiyo alikuwa na haja ya kusamehewa. Ilikuwa ndani ya tumbo la jokofu bovu nyuma ya karakana, imeviringishwa kwenye kitambaa. Ilikuwa imefutwa, lakini damu ina ubishi. Ilibaki kwenye meno ya spana. Maabara ikasema ni ya marehemu.

Bwana Baridi aliketi kwenye kiti kilekile alichokalia mdogo wake. Akasomewa haki zake. Akasema amezielewa.

"Jokofu langu bado linalia, baba," Mama Mkwe akasema.

Bwana Baridi alimtazama. Akaitambua ile sauti ya kibibi. Mabega yale mapana yakashuka, na ukuta wa nyuma yake ukaonekana mkubwa zaidi.

"Simu ya kwanza ilikuja lini?"

"Wiki ileile tovuti yake ilipofunguliwa."

"Wakauliza nani?"

"Kipupwe."

"Ukajibuje?"

"Nilicheka, afande. Nilikuwa nimemnunia. Nilimfundisha kushika spana, mkono wangu juu ya mkono wake, halafu akaniaga, akaenda kufungua karakana yake. Niliona kama ameniambia sijui kazi. Simu ilipokuja nikasema leo namchezea, kesho namwambia. Nikaenda mimi. Ikaja nyingine."

"Na ile kesho?"

"Haikufika. Ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Baadaye nikawa hata sisiti. Wakiuliza Kipupwe, ndiye mimi."

"Akafilisika."

"Akafilisika."

"Mke akaondoka."

"Nilimpelekea shemeji gari la kubebea vyombo vilivyobaki." Sauti yake ilizidi kuwa ndogo. "Siku Kipupwe alipokuja kuniomba kazi alipiga magoti. Mke wangu alilia, akasema Mungu amenipa moyo. Nami nikampa ovaroli."

"Hapo hukuweza kusema?"

"Hapo ndipo nilishindwa kabisa, afande. Kabla ya hapo nilikuwa mwizi. Mwizi anaweza kurudisha. Kuanzia siku ile nikawa baba."

Balbu ilipepesa. Koplo aliacha kuandika. Mama Mkwe akamgusa kiwiko, kalamu ikaendelea.

"Jioni ile."

"Alinipigia Fundi Kurasa. Alishtuka kusikia sauti yangu. Akasema, 'Bwana Baridi? Mbona mimi nimebonyeza ya Kipupwe?' Kipupwe alikuwa ameenda kumfokea, basi jamaa akakosa usingizi, akaanza kuijaribu tovuti kipande kwa kipande. Nikamwambia usiguse kitu, nakuja. Nilitoka nilivyo, na ovaroli, spana mfukoni."

"Akakukaribisha."

"Chai. Na alikuwa analia! Yeye! Anasema, 'Kosa langu, nilinakili nikasahau, nimemmaliza mtoto wa watu.' Nikamwomba arekebishe kimyakimya, basi, yaishe. Akasema kurekebisha anarekebisha, lakini asubuhi atakwenda kumwambia. Nikamwambia nitampa Kipupwe karakana yote. Akasema, 'Mpe. Lakini lazima ajue. Yule mtu anaamini mikono yake ina nuksi. Nitamwachaje aamini hivyo?' Akageukia kibodi, akaanza kuandika."

"Akakupa mgongo."

"Hakunidhania ubaya. Hiyo ndiyo iliyonikera." Akaufunika uso. "Kila asubuhi Kipupwe anafika kabla yangu. Ameshafagia. Anasema, 'Shikamoo baba.' Anasema kwa moyo wote, afande. Ningemtazama vipi siku akijua? Karakana naweza kuishi bila. Ile shikamoo siwezi."

"Ukaona heri afungwe yeye."

"Nilijua mtamwachia. Hana kosa."

"Tulikuwa hatumwachii," Mama Mkwe akasema. "Faili lilikuwa linaenda. Hakujitetea hata kwa neno. Hata hamu ya kujitetea ulishamnyang'anya."

Bwana Baridi aliomba kalamu. Alitia sahihi maelezo yake pale alipooneshwa.

Kumwambia Kipupwe hakukuwa kazi ya polisi. Mama Mkwe alishuka mwenyewe, na goti lake bovu, akafungua mlango wa mahabusu, akaketi kwenye saruji karibu naye. Alimweleza yote bila kuzungusha: kitufe, namba mbili, simu zote zile, kikombe cha chai, spana. Alitegemea kelele. Alitegemea hata kupigwa, na alishaamua hatamshitaki.

Kipupwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walikuwa wanapiga," alisema.

"Walikuwa wanapiga."

"Mimi."

"Wewe. Kwa jina."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza mashine na bado hajajua imeharibika wapi. Juu walisikika watu wakishuka ngazi. Koplo alikuwa anamleta Bwana Baridi kwenye selo ya upande wa pili. Alipofika usawa wa mlango uliokuwa wazi, Bwana Baridi alisimama. Hakuinua macho.

"Yule wa kwanza," Kipupwe akamwuliza, bila kumwita baba wala kaka. "Alikuwa nani?"

"Mama mmoja mwenye duka la dawa."

"Jokofu la dawa?"

"La chanjo."

"Lilikuwa na nini?"

Bwana Baridi alitazama vidole vyake. Koplo hakumsukuma.

"Swichi ya joto. Ilikuwa imekwama tu. Niligonga kwa kidole ikaachia."

"Tu?"

"Tu. Yule mama alifurahi sana. Alilitaja jina lako, akasema atawaambia wenzake wote."

Koplo akamchukua, mlango wa upande wa pili ukafungwa. Mama Mkwe akasimama kwa kujishikilia ukutani, akamwambia Kipupwe kwamba yuko huru, vitu vyake viko kaunta, na kama anataka kumpigia mkewe simu ya kituo ipo.

Kipupwe alibaki ameketi, ameinua kidole kimoja, akikitazama, anaitafuta ile nuksi.